Ngoro za Mbinga na viumbe wa udongoni: namna udongo hai unavyomsaidia mkulima

Na Mwandishi Wetu, Mbinga

Kila ifikapo mwezi Machi, mvua zikiwa zimebakiza wiki chache kukatika, vilima vya Umatengo wilayani Mbinga huanza kubadilika sura. Nyasi zilizoota katika mashamba yaliyopumzishwa hufyekwa, huachwa zinyauke, kisha hupangwa juu ya ardhi katika mistari inayokatizana mithili ya wavu. Baada ya hapo huingia jembe. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya nyasi hizo, hadi shimo linabaki katikati na tuta linalizunguka pande zote nne. Juu ya matuta hayo hupandwa maharage. Ukiutazama mlima kutoka ng'ambo ya bonde, unaweza kudhani ni sega la nyuki lililoegemezwa ubavuni.

Huo ndio mfumo wa ngoro, au ngolo kama wengine wanavyouandika. Wamatengo wameuendeleza kwa zaidi ya karne moja katika milima inayofikia takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, penye miteremko ambayo pengine ingekwisha kuwa mawe matupu. Maofisa wa utawala wa kikoloni waliandika habari zake tangu miaka ya 1930. Kati ya mwaka 1994 na 1997 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Kyoto na kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Kimataifa la Japani (JICA), kiliufanyia utafiti ndani ya mradi mpana wa kuchunguza kilimo cha maeneo ya miombo.

Wageni wengi wanaofika kuziona ngoro huondoka na jibu moja, kwamba mashimo yale huzuia mmomonyoko. Ni kweli: maji ya mvua hutuama shimoni badala ya kukimbia bondeni, na udongo ulioporomoka kutoka kwenye tuta hunaswa humo humo. Hata hivyo, hilo ni nusu tu ya jibu. Nusu ya pili iko ndani ya tuta, zilikofukiwa nyasi, na inahusu viumbe ambao wengi wao hawaonekani kwa macho.

Suala hili lina uzito kwa mwananchi wa leo kwa sababu za wazi. Bei ya mbolea za viwandani ilipopanda duniani mwaka 2021 na 2022, mkulima mdogo aliyezoea kununua mifuko michache alijikuta akipunguza au kuacha kabisa. Serikali ilizindua mpango wa ruzuku ya mbolea tarehe 8 Agosti 2022 jijini Mbeya, na unafuu ukapatikana. Lakini tukio lile lilimkumbusha kila mmoja kwamba rutuba inayotegemea meli na soko la mbali inaweza kukatika wakati wowote. Aidha, katika masoko na maduka ya pembejeo kumeanza kuonekana pakiti na chupa zinazoitwa mbolea hai, zenye bakteria au kuvu ndani yake. Mwananchi ana haki ya kufahamu vitu hivyo ni nini, vinafanya kazi wapi, na wapi havifanyi.

Tuanze na naitrojeni, kwa kuwa ndiyo virutubisho ambavyo mahindi huvitaka kwa wingi na ambavyo mkulima huvilipia zaidi. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kilichobaki ni sehemu nyingine za kemikali hiyo ambazo mmea haukuzifuata dukani. Wakati huohuo hewa tunayoivuta ina asilimia 78 ya naitrojeni. Juu ya hekta moja tu ya shamba, kuanzia ardhini hadi mwisho wa anga, kuna tani zipatazo 78,000 za naitrojeni, na mahindi yaliyosimama chini yake yanaweza kuwa manjano kwa kuikosa. Sababu ni kwamba chembe mbili za naitrojeni ya hewani zimeshikamana kwa nguvu kiasi kwamba mmea hauwezi kuzitenganisha. Kiwanda cha mbolea hufanya kazi hiyo kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi na kwa mgandamizo mkubwa. Ndiyo maana bei ya gesi asilia ikipanda, bei ya urea nayo hupanda.

Wapo bakteria wanaoifanya kazi hiyohiyo katika joto la kawaida la udongo. Huitwa rhizobia. Mwanasayansi Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga kwa mara ya kwanza mwaka 1888, ingawa wakulima wa mabara yote walikuwa wakiwatumia bila kuwajua tangu kale. Bakteria hawa huingia katika mizizi ya mimea ya jamii ya mikunde, yaani maharage, soya, karanga, kunde, mbaazi na mingineyo, na mmea huwajengea vinundu vya kukaa. Mmea hutoa sukari inayotokana na jua, bakteria hutoa naitrojeni inayotokana na hewa. Ni mkataba wa pande mbili, na kila upande ukikosa chake mkataba huvunjika.

Hapo ndipo ngoro inapoonyesha hekima yake. Nyasi kavu zina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Zikifukiwa, bakteria na kuvu wanaozila huongezeka haraka, na kwa kuwa nyasi zenyewe haziwatoshelezi kwa naitrojeni, huichukua ile iliyomo udongoni. Kwa miezi kadhaa udongo huwa kama umekopwa. Mkulima akipanda mahindi moja kwa moja juu ya nyasi zilizofukiwa jana, ataona majani ya manjano na atalalamikia mbegu. Mmatengo hapandi mahindi wakati huo. Hupanda maharage, zao ambalo angalau sehemu ya mahitaji yake linaweza kujipatia kutoka hewani. Maharage huvunwa katikati ya mwaka, nyasi zikiendelea kuoza ndani ya tuta. Mvua mpya zinaporejea mwezi Novemba au Desemba, wale vijidudu waliokula nyasi wamekwisha kufa kwa wingi, na naitrojeni waliyokuwa wameishika inarudi udongoni. Hapo ndipo mahindi yanapopandwa juu ya matuta yaleyale. Baada ya mahindi shamba hupumzika, nyasi huota upya, na mwezi Machi unaofuata ngoro huchimbwa tena. Mzunguko wote huchukua miaka miwili.

Hakuna aliyewahi kukaa na darubini akapanga kalenda hiyo. Hata hivyo inafuatana na kazi ya vijidudu hatua kwa hatua, na ni vigumu kwa mtaalamu wa udongo kuipendekezea maboresho makubwa bila kwanza kujifunza kwake.

Bakteria na kuvu hawako peke yao ndani ya tuta. Nyungunyungu huvuta vipande vya majani chini na kuacha njia zinazopitisha hewa na maji; Charles Darwin aliandika kitabu kizima kuhusu kazi yao mwaka 1881, mwaka mmoja kabla ya kufariki, na watu wa wakati wake walishangaa kwa nini mzee maarufu namna ile ashughulike na minyoo. Mchwa, ambao mkulima huwaona kama maadui tu, hukata mabaki makavu ambayo viumbe wengine hawayawezi, na udongo wa vichuguu vyao mara nyingi huwa na virutubisho vingi kuliko udongo wa jirani. Wapo pia viumbe wadogo kuliko punje ya chumvi, wanaowala bakteria na kuachia naitrojeni kwa mizizi. Gramu moja ya udongo wenye afya, kiasi kinachoweza kukaa kwenye ncha ya kijiko cha chai, inaweza kuwa na bakteria zaidi ya milioni mia moja. Wote hao wanaishi kwa chakula kimoja, nacho ni mabaki ya mimea na wanyama.

Kwa hiyo kuchoma nyasi ni kuchoma chakula chao. Moto unaopita shambani mwezi Septemba au Oktoba hurahisisha kazi ya kusafisha, hilo halibishaniwi, na majivu huupa udongo potasiamu na kupunguza tindikali kwa muda. Lakini sehemu kubwa ya naitrojeni iliyokuwa katika nyasi huondoka na moshi, na kaboni huondoka karibu yote. Mvua ya kwanza huyasomba majivu kutoka kwenye mteremko mtupu. Mkulima aliyechoma hekta moja ameteketeza bure rutuba ambayo mwezi wa pili atakwenda kuitafuta kwa fedha.

Ipo sababu inayowafanya baadhi ya wakulima kuiacha ngoro, nayo haifai kufichwa. Ni kazi ngumu. Kwa mila za Umatengo wanaume hufyeka na kupanga nyasi, na wanawake ndio wanaochimba mashimo na kufukia. Shimo moja baada ya jingine, mlimani, kwa wiki nyingi. Sifa zozote kwa ngoro zisizoutaja mgongo wa mama mwenye jembe ni sifa pungufu. Vijana wanapokwenda mjini na kahawa inapodai muda wake, kaya hulazimika kuchagua, na mara nyingine huchagua matuta ya kawaida yanayokimbilia chini ya mlima, ambayo mvua moja kubwa huyageuza kuwa mifereji.

Tatizo la pili ni ardhi. Familia ikiwa na mashamba machache, muda wa kupumzisha hupungua, nyasi huwa haba, na tuta linalofukiwa nyasi haba ni sawa na sufuria iliyoinjikwa bila chakula. Kwa hali hiyo mkoa wa Ruvuma una jawabu lake wenyewe, ambalo lilipata umaarufu mkubwa nchini kisha likasahaulika kidogo. Jawabu hilo ni marejea.

Marejea ni mmea wa mikunde wenye maua ya manjano, ambao majani yake machanga huliwa kama mboga katika sehemu mbalimbali za nchi. Padre Gerold Rupper wa Abasia ya Peramiho, iliyoko jirani na Songea, aliutangaza kwa bidii kwa miaka mingi kama mbolea ya kijani, na mbegu zake zikasambaa hadi mikoa ya mbali. Hukua haraka, hufunika magugu, vinundu vyake huvuna naitrojeni ya hewani, na ukikatwa na kufukiwa kabla ya kukomaa huoza upesi kuliko nyasi kwa sababu una naitrojeni nyingi. Faida nyingine ya mimea ya kundi hili ni kupunguza minyoo fundo, ile inayovimbisha mizizi ya nyanya na mboga: minyoo hiyo huingia katika mizizi ya marejea lakini hushindwa kuzaliana humo. Kwa shamba la ngoro ambalo nyasi zake zimepungua, marejea yaliyopandwa kipindi cha kupumzisha yanaweza kujaza pengo hilo. Tahadhari moja: mbegu za mimea ya jamii hii zisilishwe mifugo, kwani aina nyingi zina sumu.

Tushuke sasa kutoka milimani. Kutoka Mbinga ardhi huteremka kuelekea magharibi kupitia misitu ya miombo hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko takribani mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Eneo hili, ikiwamo kata ya Tingi, lilikuwa sehemu ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012. Huku chini zao linalobeba chakula cha kaya ni muhogo, na mshirika wake mkuu udongoni ni kuvu.

Kuvu hao huitwa mikoriza. Nyuzi zao, nyembamba kuliko unywele, huingia katika mizizi na kutawanyika udongoni hadi mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki. Huko huchota hasa fosforasi, kirutubisho ambacho katika udongo mwekundu wa kitropiki hushikwa na madini ya chuma na alumini hata kisipatikane kwa urahisi. Muhogo una mizizi michache na minene isiyo na vinyweleo vingi. Bila mikoriza hudumaa mapema katika udongo maskini. Watu husema muhogo hauhitaji rutuba. Ukweli ni kwamba unayo mikono ya kukodi inayoitafuta kwa niaba yake. Kulima kwa kina mara kwa mara hukata nyuzi hizo, na shamba linaloachwa tupu kwa muda mrefu huwaua kwa njaa kwa kuwa hawaishi bila mzizi hai.

Asiyeamini habari za kuvu wa mizizi na aende kwenye miombo mvua zinapoanza. Uyoga mwingi unaookotwa chini ya miti ya miombo ni tunda la kuvu wanaoishi na mizizi ya miti hiyo. Mti ukikatwa, kuvu hukosa mlezi na uyoga hupotea mahali hapo. Kina mama wanaookota uyoga wanalijua hilo bila kuambiwa na ofisa yeyote.

Kuna uhusiano mwingine kati ya mlima na ufukwe. Udongo wa juu unaoachwa bila mizizi wala mabaki huondoka na mito hadi ziwani, na tope lake hufunika mawe na mchanga wa kando ya ziwa ambako samaki wengi hula na kutaga. Udongo wenye viumbe wengi haubebeki kirahisi: nyuzi za kuvu na ute wa bakteria huunganisha chembe zake kuwa madonge madogo yanayonywa maji bila kuyeyuka. Mvuvi wa ufukweni ana sababu ya kuuliza nyasi za mlimani zimefanywa nini.

Sasa tuje kwenye pakiti za dukani. Bidhaa iliyochunguzwa zaidi katika nchi zetu ni unga wenye rhizobia, unaopakwa kwenye mbegu za mikunde muda mfupi kabla ya kupanda. SUA kilipata kuzalisha unga huo kwa jina la Nitrosua. Nchini Kenya upo Biofix, uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mradi wa N2Africa, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi kati ya mwaka 2009 na 2019, uliujaribu kwa wakulima wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwa miongoni mwao.

Katika soya, majibu yake huwa mazuri mara nyingi. Soya ni zao lililotoka Asia, na udongo ambao haujawahi kupandwa soya huenda hauna bakteria wanaolifaa. Ukiwapeleka pamoja na mbegu, zao huweza kujipatia zaidi ya kilo 100 za naitrojeni kwa hekta katika mazingira mazuri, ambazo ni zaidi ya mifuko minne ya urea. Sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huondoka na mavuno, hivyo mahindi yanayofuata hupata kiasi tu, hasa mabaki ya soya yakirudishwa shambani. Kwa wakulima wa Ruvuma wanaopanua kilimo cha soya, hii ni pembejeo ya bei ndogo inayostahili kujaribiwa.

Katika maharage hali si hiyohiyo. Maharage ni mvivu miongoni mwa mikunde; mara nyingi hujipatia chini ya kilo 50 kwa hekta. Zaidi ya hayo, udongo wa Mbinga umepandwa maharage kwa vizazi vingi na una bakteria wengi wenyeji, ambao hawakubali kirahisi kumpisha mgeni kutoka pakiti. Muuzaji anayeahidi kwamba pakiti moja itaongeza mavuno ya maharage maradufu katika kila shamba anaahidi jambo asiloweza kulithibitisha. Vilevile pakiti ya soya haifai kwa maharage, wala ya maharage kwa karanga. Kila kundi la mazao lina bakteria wake.

Kinachouzwa ndani ya pakiti ni kiumbe hai, na kiumbe hai hufa. Pakiti iliyoanikwa juani dirishani mwa duka, au iliyosafirishwa juu ya paa la basi, inaweza kuwa imebaki unga tu. Mnunuzi aangalie tarehe ya mwisho wa matumizi, aulize ilihifadhiwa wapi, na aitunze mahali pa baridi penye kivuli. Mbegu hulowanishwa kidogo kwa maji yenye sukari ili unga ushike, huchanganywa kivulini, na hupandwa siku hiyohiyo katika udongo wenye unyevu, kisha hufukiwa mara moja. Mbegu iliyopakwa dawa ya kuua kuvu haifai kuchanganywa na bakteria hawa bila ushauri, kwa kuwa dawa nyingi za namna hiyo huwaua, na unga wenyewe usigusane na mbolea ya chumvichumvi.

Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), iliyoundwa kwa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, ndiyo yenye jukumu la kusajili mbolea na kusimamia ubora wake. Kabla ya kununua mbolea ya aina yoyote, iwe ya chumvichumvi au inayoitwa hai, mwananchi aulize kama imesajiliwa na anunue kwa wakala anayetambulika. Chupa isiyo na jina la kiumbe kilichomo, wala tarehe, wala namba ya usajili, iachwe dukani.

Ieleweke pia kwamba viumbe wa udongoni hawaumbi kila kitu. Naitrojeni huweza kutoka hewani, lakini fosforasi haitoki hewani. Udongo uliokwisha kabisa fosforasi utawapa mikoriza kazi ya kutafuta kisichokuwapo, na rhizobia wasio na fosforasi hutengeneza vinundu vichache. Katika milima yenye mvua nyingi tindikali ni kikwazo kingine. Bakteria wengi wa mikunde hudhoofika katika udongo mkali, na huko chokaa ya kilimo inaweza kuwa na faida kuliko pakiti yoyote. Kwa sababu hiyo si sahihi kuuweka mjadala huu kama vita kati ya mbolea ya dukani na mboji. Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai uliozinduliwa Novemba 2023 na Azimio la Nairobi kuhusu mbolea na afya ya udongo, lililopitishwa na nchi za Afrika mwezi Mei 2024, havigongani kwa kiwango ambacho wengine wanadhani: mbolea inayotupwa kwenye udongo uliokufa hupotea zaidi, na udongo hai huihifadhi. Kinachopaswa kuepukwa ni kuyamwagia maharage au soya urea nyingi, kwani mmea uliopewa naitrojeni ya bure huacha kuwalisha bakteria wake.

Kwa wakulima wa kahawa, chakula cha viumbe hawa kipo tele na mara nyingi hutupwa. Maganda mabichi yanayotoka katika mitambo ya kumenya kahawa yakiachwa mtoni huoza na kuyamaliza maji oksijeni. Yakirundikwa kwa tabaka pamoja na nyasi, samadi na udongo kidogo, yakageuzwa kila baada ya wiki chache, huwa mboji nzuri ya kurudisha mashinani mwa mibuni. Kituo cha Ugano cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) kipo wilayani Mbinga, na vyama vya msingi vinaweza kuomba huko maelekezo ya namna ya kuyatumia.

Mkulima anayetaka kujua kama bakteria wa shamba lake wanafanya kazi hahitaji maabara. Maharage au soya yanapoanza kutoa maua, achague mimea mitano katika sehemu tofauti za shamba na aichimbe kwa jembe au sepetu, asiing'oe, kwa kuwa vinundu hukatika na kubaki ardhini. Asuuze mizizi polepole ndani ya ndoo. Kinundu cha rhizobia hubandukia pembeni mwa mzizi na huchomoka kwa kidole. Uvimbe wa minyoo fundo ni mzizi wenyewe uliovimba na hauchomoki. Kisha apasue vinundu kwa ukucha. Vikiwa vyekundu au vya waridi ndani, bakteria wanavuna naitrojeni, na urea katika shamba hilo la mikunde ni gharama isiyo ya lazima. Vikiwa vyeupe, vya kijani au havipo kabisa, achukue sampuli ya udongo kutoka sehemu kadhaa za shamba hilo, aichanganye, na kuipeleka kwa ofisa ugani wa kata ipimwe tindikali na virutubisho kabla ya msimu unaofuata.